Wiki Nne Nyumbani kwa Watu, Mjini Granada

Tangu turudi safari, wazazi si haba wametusimamisha baada ya swala, na wengine wametupigia simu usiku, na swali lao ni moja ijapokuwa maneno hutofautiana: vipi mtu wa dini amchukue bintiye akamkalishe katika nyumba ya Wakristo, huko Ulaya, ati ajifunze lugha? Swali hili lina haki ya kujibiwa kwa utulivu. Nasi tumeona jibu bora si kutoa fatwa ya mistari miwili, bali ni kuieleza nyumba yenyewe pamoja na mji wake, jinsi tulivyoingia na jinsi tulivyoishi, kisha kila mzazi apime kwa mizani yake.

Binti yetu ana miaka ishirini. Kiarabu alikipata madrasa, Kiingereza skuli, na azma yake ni kuwa mkalimani. Nairobi ni mojawapo ya makao ya Umoja wa Mataifa, na lugha rasmi za umoja huo ni sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kiingereza, Kirusi na Kihispania. Mwenye tatu kati ya hizo hufunguliwa milango asiyofunguliwa mwenye mbili. Alisoma mwaka mzima kwa njia ya intaneti, hata mwalimu wake akamwambia kwamba sasa kitabu hakimfai tena, na aende akaisikie lugha kwa wenyewe, aile na ailale. Visa waliyompa ilimruhusu kukaa siku 90. Tukaafikiana kwamba yeye atakaa wiki kumi na mbili, na sisi, baba na mama, tutafuatana naye wiki nne za mwanzo. Tutaiona nyumba, tutawaona watu, kisha ndipo tuamue kama atabaki au tutarudi naye. Tikiti yake tuliikata ya kubadilika tarehe kwa sababu hiyo. Na kwa kuwa kukaa bure si ada yetu, tulijiandikisha darasani sisi pia, kwa umri wetu huu.

Chuo cha lugha kilituletea fomu ya kujaza juu ya nyumba tutakayowekwa. Iliuliza chakula, maradhi na wanyama wa nyumbani. Jamaa yetu mmoja alitushauri tusiandike mengi, tusije tukakosa nyumba. Tuliandika yote: hatuli nguruwe, hatunywi ulevi, twaswali mara tano kwa siku, hatukai nyumba yenye mbwa ndani, na binti yetu atakaa penye wanawake watupu. Lau nyumba ingekosekana kwa maneno hayo, basi ingekuwa nyumba isiyotufaa. Majibu yalikuja baada ya wiki. Tumepatiwa mjane wa miaka sabini na kitu, anayeishi na bintiye ambaye ni muuguzi hospitalini. Hana mbwa. Naye alikuwa na swali moja tu kwetu: mayai mwala?

Tulishuka Málaga mapema mwezi wa Juni, baada ya kupitia Istanbul. Málaga ni mji wa pwani, nao Waarabu waliuita Malaqa. Kutoka hapo hadi Granada ni kilomita zipatazo 130, na basi huzimaliza chini ya saa mbili. Njia yote ni mizaituni. Imepandwa kwa safu kama minazi ya shamba la mtu mwangalifu, kilima baada ya kilima, hata jicho likachoka. Kisha ikatokea milima ya Sierra Nevada, na juu yake theluji iliyobakia, ilhali ndani ya basi watu twajipepea kwa joto. Kilele kirefu kuliko vyote, chenye zaidi ya mita 3,400, huitwa Mulhacén, na jina hilo ni la Mulay Hasan, mfalme wa Granada aliyetawala kabla ya mwanawe kuukabidhi mji kwa wafalme wa Kikristo, tarehe 2 Januari 1492.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Realejo, chini ya kilima cha Alhambra, ghorofa ya tatu, na lifti hakuna. Tulipanda na mizigo. Mlango ulikuwa wazi, na mama wa nyumba amesimama kizingitini, amevaa gauni jeusi na aproni ya maua. Hapa pana jambo ambalo hatukuliandika katika fomu. Desturi ya Wahispania ni kumpokea mgeni kwa mabusu mawili mashavuni, mwanamume na mwanamke bila ya ubaguzi. Mama watoto, ambaye kwa kawaida hutangulizwa na mumewe, siku hiyo alitangulia yeye. Akayapokea mabusu yake mawili, akayarudisha, akamshika yule mama mikono yote miwili akaishikilia. Sisi nyuma yake tukaweka mkono kifuani na kuinama kidogo. Yule mama akatutazama, akamtazama mama watoto, naye akaweka mkono wake kifuani. Hadi siku ya kuondoka hatukusalimiana kwa namna nyingine. Tulimwita Señora, maana ndilo neno la heshima walilotufundisha, na hapa tutamwita hivyo hivyo.

Chumba chetu kilikuwa kidogo na safi. Binti yetu alipewa cha pembeni, mlango kwa mlango na cha yule muuguzi. Tulitafuta kibla. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini tangu utotoni, na mwili hujielekeza wenyewe. Granada kibla ni mashariki, kimeinama kusini kidogo. Señora alipotuona twazunguka na simu mkononi alidhani twatafuta mtandao. Binti yetu alimweleza. Akaenda kwenye kona tuliyoionyesha, akaondoa meza ndogo yenye sanamu ya Maryam, akaipeleka chumbani kwake bila ya kusema neno.

Akina mama watatusamehe kwa kulitaja jambo la chooni, lakini ndilo la kwanza waliotuuliza wengi wao. Katika nyumba nyingi za Uhispania, kando ya choo huwa pana beseni la chini lenye bomba lake, liitwalo bidé, kwa ajili ya kujisafisha kwa maji. Kopo tulilolitoa Mombasa lilirudi halikutumika. Udhu ndio uliokuwa na kazi, kwa sababu sakafu za kwao hazina tundu la kupitisha maji. Kila baada ya udhu mama watoto alipiga deki kwa kitambaa, na Señora akawa hana la kunung'unika.

Kisha ikaja habari ya saa. Uhispania hufuata saa za Ulaya ya kati ijapokuwa nchi yenyewe iko mbali magharibi, na katika mwezi wa Juni jua la Granada huzama saa tatu na dakika arubaini usiku. Isha ni baada ya saa tano, na alfajiri haikawii. Kwa mtu aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu, jambo hili humchanganya roho: umekwisha kula, umekwisha kusinzia, jua bado lakutazama dirishani. Chakula kikuu chao ni cha saa nane na nusu mchana, na cha usiku ni saa nne. Baina yake wana siesta. Vibao vya madirisha huteremshwa, nyumba ikawa giza, mji mzima ukanyamaza. Mwalimu wetu alitueleza kwamba neno hilo limetokana na Kilatini, na maana yake ni saa ya sita. Darasa lilishangaa vipi saa ya sita iwe adhuhuri. Sisi hatukushangaa, kwetu adhuhuri ni saa sita mpaka leo, na usingizi wenyewe twauita kailula, nao ni sunna.

Darasa letu lilikuwa la vijana kutoka nchi mbalimbali, na ndevu za mvi zilikuwa zetu peke yetu. Tuliketi kila siku tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba. Binti yetu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kusoma, alipelekwa darasa la juu. Mama watoto alikataa kabisa kuketi darasani, akasema skuli yake ni jikoni, na tutaona nani atazungumza mwanzo.

Mtu wa pwani ana bahati na lugha hii kwa upande wa matamshi. Herufi yao ya j ni kh yetu ya kheri. Herufi z, kwa matamshi ya kitabu, ni th ya thamani. Herufi d ikiwa katikati ya neno hulainika ikawa kama dh, na g ikawa kama gh ya ghali. Wenzetu wa darasani walitoka jasho kwa sauti hizi, nasi tulizitoa kama tunaosoma Juzuu Amma. Tatizo ni kwamba watu wa Granada hawasemi kama kitabu. Huimeza s ya mwisho. Mwalimu husema buenos días. Señora husema bueno día, na mjumbe wa posta husema neno ambalo mpaka sasa hatujui lilianza wapi likaishia wapi.

Maneno nayo yalitushika mkono. Fulani kwao ni fulano. Hata ni hasta, na wakiagana usiku husema hasta mañana, yaani hata kesho. Kadhi amekuwa alcalde, naye siku hizi ni mkuu wa mji. Sukari ni azúcar. Lakini maneno mengine yamehama maana, na hayo ndiyo ya kuangaliwa. Rehani kwao imekuwa rehén, naye ni mtu aliyetekwa akazuiliwa mpaka wenyewe walipe. Maskini amekuwa mezquino, na maana yake si fukara bali ni bahili, mtu mwenye roho ndogo. Mama watoto alipolisikia hilo aliapa kutolitamka neno maskini mbele ya Señora, hata kwa Kiswahili. Na yako maneno ambayo hayakupita kwa Waarabu ila kwa Wareno, wale waliotujengea Ngome pale Mombasa mwaka 1593: meza yetu kwao ni mesa, na bendera ni bandera. Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa kuwa maneno hayo hayakutufikia kwa ugeni mwema.

Katika wiki ya pili lilitokea jambo darasani ambalo limetukaa. Sisi husikia haraka lakini huandika pole pole kwa herufi za Kizungu, basi daftari letu tulikuwa tukiliandika kwa herufi za Kiarabu, maneno ya Kihispania kulia kwenda kushoto, na ile p na ch twazitia nukta tatu kama walivyotufundisha wazee. Mwalimu, binti wa miaka thelathini hivi, alipita nyuma yetu akasimama. Akaomba alitazame. Akawaambia wanafunzi kwamba hivyo ndivyo walivyoandika Waislamu wa Uhispania wakati Kiarabu kilipopotea vinywani mwao: lugha Kihispania, herufi Kiarabu, na maandishi hayo huitwa aljamiado. Mwaka 1884, katika mji mdogo wa Almonacid de la Sierra, nyumba kuukuu ilibomolewa, na chini ya sakafu ya uongo vikapatikana vitabu vingi vya namna hiyo, vimefichwa hapo tangu zama za kufukuzwa kwao. Walifukuzwa baina ya 1609 na 1614.

Tuliporudi nyumbani tulimsimulia mama watoto. Akakumbusha kwamba bibi yake, huko Lamu, hakujua herufi moja ya Kizungu, lakini aliandikiana na nduguze kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu mpaka kufa kwake, na barua hizo zimo sandukuni hadi leo. Hakuna aliyezificha chini ya sakafu. Zimo tu, na wasomaji wake ndio wanaokwisha.

Tulikwenda pia kuiona madrasa. Iko katikati ya mji, mkabala na kanisa walikozikwa mfalme na malkia walioichukua Granada. Ilijengwa na Sultani Yusuf wa Kwanza mwaka 1349, na jina lake halikufutika. Mpaka leo Wahispania waiita Madraza. Ni mali ya chuo kikuu sasa, na kilichobaki cha asili ni chumba cha swala na mihrabu yake. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Granada kiasi cha miaka ishirini baadaye, madrasa ingali mpya. Sultani alikuwa mgonjwa hakuweza kumpokea, na aliyemkirimu mgeni ni mama yake Sultani, kwa dinari za dhahabu. Sisi tuliosomeshwa juu ya mkeka, kwa ubao na wino wa masizi, tulisimama hapo kwa muda. Mlinzi hakutuharakisha.

Turudi nyumbani, maana huko ndiko liliko swali la wazazi.

Siku ya kwanza mama watoto alipoingia jikoni aliona ndoana juu ya dari, haina kitu. Katika majiko ya Kihispania hapo ndipo huning'inia paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, nalo ni fahari ya nyumba. Tulijua baadaye kutoka kwa yule muuguzi kwamba Señora alilipeleka kwa nduguye mtaa wa pili, siku moja kabla ya sisi kufika. Hatukumwomba hilo. Tulichoomba ni kwamba kisitiwe chunguni mwetu. Juu ya vyombo, wanavyuoni wamelizungumza tangu zamani, na iko hadithi sahihi ya Abu Tha'laba aliyemuuliza Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu. Jawabu ni kwamba visipopatikana vingine, vioshwe kisha vitumike. Mama watoto alifanya zaidi. Alinunua kikaango na sufuria mbili mpya, akampa Señora kama zawadi, na kuanzia hapo zikawa ndizo za kutupikia. Nyama tuliinunua sisi kwa wachinjaji wa Kimoroko walioko chini ya mtaa wa Albaicín, na siku nyingine zilikuwa za samaki, dengu, na ile tortilla yao ya mayai na viazi. Ndiyo maana ya lile swali la mayai. Bibi huyu alikuwa amekwisha kupanga tangu mwezi mzima nyuma.

Mambo madogo yote yalipotokea, yeye alisema no pasa nada, ambayo kwetu ni haidhuru. Mama watoto alilishika neno hilo kabla ya jingine lolote. Na kwa kusema kweli, wiki ya tatu ilipofika, yeye ndiye aliyekuwa akizungumza. Alijua majina ya samaki wote wa sokoni, alijua Señora alifiwa na mumewe mwaka gani na kwa maradhi gani, na wakikuna nyanya pamoja walielewana kwa lugha ambayo mwalimu wetu asingeiidhinisha. Sisi tulikuwa bado twatafuta kitenzi.

Tuliseme hili vizuri. Mtu aliyezoea kupanda mimbari, ambaye watu humnyamazia, akiingia katika nyumba asiyoijua lugha yake huwa mtoto. Mezani Señora humkatia mkate. Akiulizwa, humtazama bintiye. Binti yetu ndiye aliyekuwa ulimi wetu, na mzazi anayempeleka mwanawe ugenini na ajue mapema kwamba mambo yatageuka namna hiyo: huko hatamtetea, atatetewa.

Naye kwa adabu alitushangaza sisi tuliomlea. Kihispania kina wewe wawili: tú wa mazoea na usted wa heshima. Siku hizi Uhispania usted yapungua, kama shikamoo inavyopungua katika mitaa yetu, na mwalimu wetu mdogo alituita tú tangu siku ya kwanza. Señora alimwambia binti yetu aache usted, yamzeesha. Binti akacheka, akaendelea na usted. Hakuiacha hata mara moja. Tulimsikia Señora roshani akiwaeleza jirani zake habari hiyo, na hakuwa analalamika.

Jumapili ya wiki ya tatu alikuja mwanawe wa kiume, akaaye mji wa Jaén, pamoja na mkewe na watoto wawili. Meza ilitandikwa kwa watu tisa. Yule bwana akatoa chupa ya mvinyo akaiweka katikati. Hapo tulijua siku yetu imefika, kwa kuwa Muislamu haketi kwenye meza inayoandamishwa ulevi, na sisi maneno hatuna. Tulianza kuinuka. Binti yetu akatwambia, "Baba, nipe ruhusa niseme mimi."

Alisema akiwa amesimama, mikono ameifumba mbele. Alimwambia Señora, na si yule bwana, kwamba kwa dini yetu hatuketi mvinyo unapomiminwa. Kwamba hatumdharau mwanawe wala meza yake. Na kwamba akituruhusu tutakula jikoni kwa furaha, kisha tuje kwa matunda na mazungumzo. Yule bwana hakupendezwa, na hakuficha. Aliuliza: je, wageni sasa watatukataza nyumbani kwetu? Binti akamjibu, "Hapana, bwana. Ni nyumba yenu, ndiyo maana sisi ndio tulioomba jikoni." Pakawa kimya. Señora akaichukua chupa kwa shingo yake, akaipeleka roshani, akaiweka sakafuni kivulini. Akamwambia mwanawe ataikuta huko baada ya chakula akiitaka. Tukala sote mezani. Bwana yule alisema machache siku hiyo. Mkewe aliuliza mengi, hasa habari za kanga, na walipoondoka alikuwa na moja begani.

Usiku ule hatukulala mapema, sisi na mama watoto. Yeye alisema, "Mimi nilikuwa nikiogopa akifika pazito atameza ulimi wake. Hakuumeza." Sisi tulikuwa na hofu nyingine, na baadhi yake hatujaimaliza hata leo. Nyumba njema si mji mzima, na wiki nane ni nyingi. Pale Msikiti Mkuu wa Granada, uliofunguliwa mwaka 2003 juu ya kilima cha Albaicín, zaidi ya miaka 500 baada ya mji kuanguka, mama watoto alikutana na mwanafunzi wa Kimoroko. Binti huyo alimwambia kwamba nyumba aliyowekwa yeye mwanzo walikuwa wakimtilia vipande vya nguruwe katika supu na kumwambia ni vidogo tu, na ilimbidi aombe kuhamishwa. Basi anayetuuliza kama nyumba za wenyeji zafaa, twamjibu kwamba tumeiona moja. Ulizia nyumba, kisha mtazame mwanao: aweza kusema hapana kwa upole, kwa lugha ya watu, baba yake akiwa kimya pembeni? Asiyeweza kuisema kwa Kiswahili hapa Mombasa hatajifunzia huko.

Tulikubaliana abaki. Masharti yalikuwa machache: Ijumaa msikitini na akina mama wa huko, jioni asitoke peke yake, na simu kila siku baada ya alasiri yetu. Muuguzi alijitolea kwenda naye siku za dukani.

Liko jambo moja la mwisho la nyumba ile. Katika mwaka 1567 Mfalme Philip wa Pili alitoa amri kwa Waislamu wa Granada waliokwisha kubatizwa kwa nguvu: waache Kiarabu, waache mavazi yao, waache hamamu zao, na siku za Ijumaa milango ya nyumba zao iwe wazi, ili ionekane kama mtu anaswali ndani. Habari hii tuliisoma tukiwa huko huko. Sasa, Señora alikuwa na televisheni sebuleni, na mazoea ya kuisikiliza kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio yake. Kila mara alipotuona tumetandika mswala hakuizima, maana ni saa ya tamthilia yake na mtu ana haki kwake. Aliinuka polepole, kwa magoti yale ya miaka sabini, akaja ukumbini, akaurudisha mlango wa chumba chetu mpaka ukafunga.

Asubuhi ya safari alitupa chupa ya mafuta ya zeituni, ameizungushia magazeti na taulo, tuitie katika sanduku kubwa. Tulimkabidhi binti yetu kwake kwa maneno tuliyoyahifadhi siku mbili: kwamba kwanza tunamwacha kwa Mungu, kisha kwake. Alijibu kwa maneno mengi, na s zote amezimeza. Tulichokipata ni ojalá, ambayo wataalamu wairudisha kwenye Kiarabu, katika yale maneno yetu ya kumtegemezea Mwenyezi Mungu matakwa yake. Binti yetu alirudi mwisho wa Agosti. Ameshuka na sanduku zito kuliko alilokwenda nalo, na siku hizi jioni hukaa barazani na simu akimfundisha bibi wa miaka sabini, kwa Kihispania, jinsi ya kuumua unga wa mahamri.